UZI: Mama alifungwa barafu kichwani tukapoteza masaa mawili. Njooni tuongee ukweli kuhusu kupoza ubongo kwa mgonjwa wa kiharusi

Mwana wa Kijichi

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa tatu na sasa naona ile klipu imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp, ile inayosema Wazungu saivi wanapoza ubongo wa mtu mwenye kiharusi ndo anapona, kwa hiyo mtu akianguka nyumbani mbandike barafu kichwani haraka. Hiyo klipu familia yetu imetugharimu.

Mama yangu anauza vitumbua huku Mbagala, miaka kumi na nne baraza ni lile lile. Siku hiyo saa 11 na robo alfajiri dereva boda mmoja, mteja wake wa kila siku, kanunua vinne, katoa buku, mama kamrudishia mia mbili yake na kamtania kama kawaida. Boda kaondoka. Hazijapita hata dakika kumi mdogo wangu wa kike ambaye huwa anamsaidia anaona kile kijiti cha kugeuzia kimemponyoka mama mkono wa kulia. Akakiokota. Kikaponyoka tena. Mara ya tatu mkono ukabaki umelala pale pembeni ya jiko, moto unauchoma na mama hashtuki. Vitumbua vyote vilivyokuwa kwenye chuma vikaungua upande mmoja mpaka vikawa vyeusi. Mdogo wangu akamuuliza mama vipi, mama akajibu kama mtu mwenye kitu mdomoni, mdomo umevutwa kushoto.

Tukamuingiza ndani. Jirani yetu, mtu mwema kabisa na mpaka leo namheshimu, akasema hiki ni kiharusi, mimi nimeona kwenye simu, dawa yake ni kupoza ubongo. Akakimbia dukani akarudi na barafu za mfuko sita, tukamfunga mama kichwani na khanga mbili, barafu nyingine shingoni, tukamwagia na maji ya baridi. Mama akaanza kutetemeka, meno yanagongana, sisi tunaona dawa inafanya kazi. Tukakaa hivo tunabadilisha barafu mpaka saa 1 na nusu asubuhi. Ndo tukaita bajaji, tukaanzia zahanati ya jirani, pale akapimwa presha, akapewa kidonge, tukaambiwa tusubiri kwanza, baadae tukaandikiwa rufaa, foleni ya Kilwa Road mnaijua. Tumefika hospitali yenye CT-scan, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, saa 5.

Daktari swali lake la kwanza halikuwa la presha wala sukari. Aliuliza: mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi? Nikamwambia saa 11 na robo, tuna shahidi, kapewa chenji. Akaangalia saa ya ukutani akanyamaza kidogo. Kipimo kikaonyesha mshipa wa upande wa kushoto umeziba kwa bonge la damu. Akasema ipo dawa ya kuyeyusha hilo bonge ila inatakiwa iingie ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Nikapiga hesabu palepale, mwisho wetu ulikuwa saa 3 na dakika 45.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma. Nilitaka kujua hii habari ya kupoza ubongo ni uongo mtupu au ina ukweli ndani yake. Naandika post inayofuata, msinikatie.

Mwana wa Kijichi

Naendelea. Ukweli ni kwamba wazo lenyewe sio la uongo, na ndo maana linadanganya watu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mshipa mkubwa ukiziba, watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba chembe za ubongo milioni 1.9 zinakufa kila dakika kama hakuna kinachofanyika. Sasa sio zote zinakufa kwa mpigo. Pale katikati panakufa mapema, ila kuzunguka pale kuna eneo ambalo limezimia tu, linapata damu kidogo kupitia vichochoro vya pembeni, halifanyi kazi lakini bado liko hai. Hilo eneo ndo watu wanalipigania.

Chukulia mtungi wa gesi unaokaribia kuisha na maharage yako jikoni hayajaiva. Unafanya nini? Unapunguza moto ili gesi ikufikishe. Kupoza ubongo ndo hivo hivo, joto likishuka nyuzi moja mahitaji ya ubongo yanapungua kama asilimia 6 au 7, sumu zinazomwagwa na chembe zinazokufa zinapungua, uvimbe unapungua. Kwenye panya wa maabara imefanya vizuri sana kwa miaka mingi. Kwa hiyo madaktari walikuwa na sababu ya kujaribu kwa binadamu.

Na wamejaribu. Ulaya walianzisha utafiti mkubwa unaitwa EuroHYP-1, walipanga wagonjwa 1,500, wakataka kushusha joto la mwili mzima mpaka nyuzi 34 au 35. Ukasimama wakiwa na wagonjwa 98 tu, matokeo yakatoka 2019, faida haikuonekana, na wengi waliopozwa hawakufika hata hilo joto lililopangwa. Hao ni watu wenye mashine, dripu baridi, wauguzi waliofundishwa. Sisi tulikuwa na khanga mbili na barafu za mfuko.

Kibonge wa Tandika

Pole sana mkuu, mama anaendeleaje? Ila mi nabisha kidogo, kuna yule dada Msweden, Anna Bågenholm, 1999 huko Norway alinasa chini ya barafu akiteleza na ski, joto la mwili likashuka mpaka nyuzi 13.7, moyo umesimama, na akapona akarudi kazini, daktari mwenyewe. Sasa hapo baridi haijaokoa ubongo?

Mwana wa Kijichi

Mkuu imeokoa, tena sana. Lakini angalia mpangilio wake. Yule alipata kamwanya ka hewa chini ya barafu, akawa anapumua kama dakika 40 huku mwili mzima unapoa, moyo ukaja kusimama ubongo umeshapoa tayari. Baridi ilitangulia, oksijeni ikakatika baadae. Kwenye kiharusi ni kinyume, mshipa umeziba kwanza wewe ndo unaanza kutafuta barafu, umeshachelewa tangu mwanzo.

NesiZamuUsiku

Nimesoma yote, pole sana kaka, na nakushukuru kuandika maana haya tunayaona wodini kila wiki. Mimi ni muuguzi, naomba nieleze hilo la kutetemeka kwa sababu watu wanapita haraka na ndipo penye shida kubwa.

Kwanza barafu juu ya nywele inapoza ngozi. Chini ya ngozi kuna fuvu, na ndani damu yenye nyuzi 37 inaingia ubongoni karibu robo tatu ya lita kila dakika. Hebu chukua ndoo weka barafu juu ya kifuniko alafu ndani unafungulia bomba la maji ya moto muda wote, hayo maji yatapoa saa ngapi? Ndo kichwa cha mgonjwa.

Pili mwili ukihisi baridi unapigana. Kutetemeka ni misuli inatengeneza joto, na oksijeni inayotumika mwili mzima inaweza kupanda mara mbili au zaidi, moyo unakimbia, presha inapanda. Yani ulitaka kupunguza moto wa jiko wewe umeongeza. Huko wanakopoza wagonjwa walio macho wanawapa dawa za kuzuia kutetemeka, pethidine na nyingine, na wakati huohuo wanawafunika blanketi la joto ili ngozi idanganyike. Hiyo ni kazi ya chumba cha uangalizi maalum, mgonjwa anaangaliwa moyo dakika kwa dakika. Na hata hivo nimonia ilionekana zaidi kwa waliopozwa, moyo nao unaweza kupoteza mapigo, damu inagoma kuganda vizuri, na ukimrudishia joto haraka ubongo unaweza kuvimba.

Mama Wawili Chanika

Dada nesi shikamoo kama umenizidi. Mimi nina swali la mtoto. Mwanangu wa pili alizaliwa hajalia, alichoka sana, na nilisikia watoto kama hao nje wanapozwa na inasaidia. Hii nayo ni uongo?

NesiZamuUsiku

Marahaba mama, pole kwa uliyopitia. Hapana sio uongo. Kwenye nchi zenye uwezo mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anapozwa mpaka nyuzi 33.5 kwa masaa 72, na wanaanza ndani ya masaa sita tangu azaliwe. Huko ni tiba ya kawaida kabisa.

Ila kuna utafiti ulifanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, unaitwa HELIX, watoto 408, majibu yametoka 2021. Walipozwa vilevile, mashine nzuri, hospitali kubwa. Haikusaidia, na waliokufa walikuwa wengi zaidi kwenye kundi lililopozwa. Mimi nilivyousoma nilikaa muda mrefu, kwa sababu nafanya kazi kwenye mazingira yanayofanana na yao kuliko ya London. Kitu kikifaa kwa wenzetu sio lazima kifae kwetu kilekile kilivyo, lazima tupimiwe sisi.

Kaka Mkubwa Ilala

Mimi mtu mzima naomba niseme. Bibi zetu walikuwa wanamwagia mtu maji akizimia na anaamka. Msidharau vya kwetu.

Mwana wa Kijichi

Shikamoo kaka. Hatudharau, na mimi kwetu ndo hivo hivo. Mtu aliyezimia kwa kusimama sana juani akilazwa chini mara nyingi anaamka mwenyewe kwa sababu damu inarudi kichwani, maji yanapata sifa. Kiharusi mshipa umeziba au umepasuka, maji hayafiki huko. Tena mama mkubwa wangu alitaka tumpe mama maji ya kunywa yenye asali ili koo lifunguke, tukampa vijiko viwili, akapaliwa mpaka macho yakatoka machozi. Hilo nalo nitalisema chini maana lilikuja kutudai siku ya tatu.

Fundi AC Kinondoni

Mi kazi yangu ni kupoza vyumba kwa hiyo hii mada imenigusa, swali la kifundi. Kama shida ni kwamba unapoza mwili mzima ndo mtu anatetemeka, kwa nini wasipeleke baridi palepale kwenye hitilafu? Sisi hatupozi nyumba nzima kama mteja anataka chumba kimoja.

Mwana wa Kijichi

Mkuu umegusa penyewe kabisa, na hapa ndo mimi binafsi nina matumaini.

Tangu 2015 kuna tiba imethibitika ya kwenda kulitoa lile bonge la damu kwa kifaa. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, unapanda mpaka kichwani, wanalinasa bonge na kulivuta nje. Kawaida ndani ya masaa sita, na kwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo mpaka masaa 24. Sasa Wachina, hospitali ya Xuanwu kule Beijing, wakasema mrija si tayari uko palepale? Wakiwa wanafungua mshipa wanapitisha humohumo maji ya chumvi yenye nyuzi 4, mililita 350, taratibu. Walianza na wagonjwa 26, walichapisha 2016. Eneo lililoumia likapoa angalau nyuzi 2 wakati mwili wote umeshuka nyuzi 0.3 tu, mwili haukushtuka. Chumba kimoja, kama ulivosema.

Na muda wake umekaa vizuri, maana damu ikirudi ghafla kwenye sehemu iliyokuwa na njaa nayo inaleta madhara yake, ndo hapo baridi inaingia. Lakini wagonjwa 26 ni wa kuonyesha kwamba jambo linawezekana bila kuua watu, sio wa kusema linatibu. Na bado linahitaji mshipa kufunguliwa. Asiyefunguliwa mshipa hana pa kupitishia hayo maji.

Kibonge wa Tandika

Sasa mkuu kama dawa ya kuyeyusha haipo kila hospitali, huo mrija ndo kabisa hospitali chache sana, na kupoza nyumbani hakufai, sisi wa Tandika tunabaki na nini? Naona mtu anasoma huu uzi anakata tamaa.

NesiZamuUsiku

Asikate tamaa kabisa. Joto la ubongo tunaloliweza hapa kwetu ni HOMA. Mgonjwa wa kiharusi akipata homa eneo lile lililozimia linaungua haraka, mahitaji yanapanda wakati damu ni ndogo. Kwa hiyo badala ya kuhangaika kumshusha mpaka 34, mzuie asifike 38.

Na hili limepimwa. Australia, utafiti wa QASC, 2011, wodi 19 za kiharusi. Wauguzi wa baadhi ya wodi hizo walifundishwa vitu vitatu tu, homa, sukari na kumeza. Joto likifika 37.5 anapewa paracetamol, sukari inapimwa na kutibiwa, na mgonjwa halishwi wala hanyweshwi mpaka ajaribiwe kumeza. Baada ya siku 90 waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, kwenye wodi nyingine 58. Hakuna mashine ya mamilioni pale jamani, ni thamomita, kipimo cha sukari na kikombe cha maji! Mimi hili ninalipenda kuliko mitambo yote kwa sababu naweza kulifanya zamu yangu ya leo.

Ndugu mnaouguza, ulizeni joto la mgonjwa wenu ni ngapi kila mnapokuja kumuona. Mnaruhusiwa kuuliza. Msimfunike blanketi zito kwa sababu amepooza mnadhani anasikia baridi. Na homa ikija kwa hapa kwetu msiseme tu ni ugonjwa umezidi, itafutwe ilipo, malaria, mapafu, mkojo hasa kama amewekewa mpira.

Mwana wa Kijichi

Dada umeniliza hapo. Siku ya tatu mama alipanda 38.7. Yalikuwa yale maji ya asali, alipopaliwa yakaingia kwenye mapafu, daktari alisema nimonia. Tulimpa wenyewe kwa mapenzi. Muuguzi wa zamu akamfunua shuka, akamuwekea paracetamol ya dripu, akafungua dirisha, akasogeza feni, akaanza antibayotiki, na kila masaa manne anakuja na thamomita yake anaandika. Mpaka kesho yake jioni 37.2. Baridi iliyomsaidia mama yangu ni ile.

Kaka Mkubwa Ilala

Nimeelewa sasa mdogo wangu, na nafuta niliyosema. Mke wangu ana presha miaka kumi. Niambieni tu nikiona vile mdomo umepinda nafanya nini, kwa ufupi, nimwandikie na kijana wangu.

NesiZamuUsiku

Kaka, mwambie acheke uone mdomo, anyanyue mikono miwili uone upi unashuka, aseme jina la mwanae uone kama linatoka vizuri. Moja tu likigoma angalia saa, andika, alafu muondoke, nendeni moja kwa moja hospitali yenye CT-scan kama inafikika, msianzie kwenye vituo vitatu. Njiani alale kwa ubavu, asile asinywe, asipewe kidonge cha presha cha mtu mwingine wala aspirini, maana kama mshipa umepasuka badala ya kuziba aspirini inaongeza kuvuja na kwa macho huwezi kutofautisha, hata sisi hatuwezi bila kipimo. Na presha ya shemeji dawa zake asiache hata siku moja hata akijisikia mzima.

Mama Wawili Chanika

Nimepiga skrinishoti naipeleka grupu la kikoba. Kuna utafiti ulifanyika Dar na wilaya ya Hai kule Kilimanjaro kati ya 2003 na 2006, mwalimu wetu alitusomea, wakishasawazisha umri kiharusi Dar kilikuwa karibu 316 kwa watu laki moja kwa mwaka na kule Hai 109, yani mjini mara tatu. Tumezungukwa nacho.

Fundi AC Kinondoni

Mkuu hujajibu, mama anaendeleaje? Na yule jirani?

Mwana wa Kijichi

Jirani nilimfuata mwenyewe, nikamuonyesha haya yote, akafuta klipu mbele yangu na akatuma sauti ya kuikanusha kwenye kila grupu alilokuwa ameisambaza. Sina kinyongo naye, alikimbia na barafu peku, wengine walikuwa wanachungulia dirishani.

Mama mguu umerudi vizuri, anatembea na fimbo. Maneno yanatoka ila taratibu, majina ya watu yanamkimbia. Mkono wa kulia ndo mgumu, anafanyishwa mazoezi mara mbili kwa wiki na nyumbani tunamkandamizisha unga wa ngano kila jioni. Mwezi huu karudi barazani, mdogo wangu ndo anageuza, mama anakaa kwenye kigoda anapokea hela. Jana yule boda kaja kanunua vinne, katoa buku. Mama kaingiza mkono wa kulia kwenye kopo la chenji, katafuta muda mrefu, boda kazima pikipiki kasubiri. Kautoa na mia mbili imekaa kati ya vidole viwili, inatetemeka, mpaka ikafika kiganjani kwa boda.